Kila Nyongeza Ina Kibali Chake, Ndege Nzima Je?

Chukua Cessna 172N, ndege ambayo shule nyingi za urubani zimeitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilitoka kiwandani na injini ya nguvu farasi 160, uzito wa juu wa kuruka pauni 2,300, yaani kilo 1,043, na flapu zinazoshuka hadi digrii 40. Mwenye ndege anataka nguvu zaidi. Ananunua seti inayojulikana sana Marekani: injini ya farasi 180, na pamoja nayo ruhusa ya kupandisha uzito hadi pauni 2,550, kilo 1,157. Ruhusa hiyo ina sharti: flapu zizuiwe zisipite digrii 30, kwa sababu ndege nzito iliyoshusha flapu zote haipandi vya kutosha rubani akighairi kutua dakika ya mwisho. Cessna wenyewe walipita njia hiyo hiyo walipotoa 172P: kikomo cha flapu wakakipunguza hadi digrii 30, uzito wakaupandisha hadi pauni 2,400. Mpaka hapo mambo ni shwari.

Miaka inapita. Mwenye ndege yule yule, au aliyeinunua kwake, sasa anatua kwenye viwanja vifupi vya changarawe. Anafunga ukingo mpya wa mbele wa bawa, ule wenye pua iliyoinama kidogo ili bawa libebe kwa mwendo mdogo. Kitabu chake kinaahidi kutua taratibu na kusimama mapema. Ukisoma vizuri utakuta namba zake zilipimwa kwenye ndege ya kawaida, kwa uzito wa kawaida, flapu zikiwa chini kabisa. Ndege iliyoko hangani haina lolote kati ya hayo matatu. Uzito umepanda kwa karibu asilimia 11, na kasi ya kustoli, yaani ile ambayo chini yake hewa inabanduka juu ya bawa na bawa linaacha kubeba, hupanda kwa kipeuo cha pili cha uzito: karibu asilimia 5. Flapu nazo zimepunguzwa. Sehemu ya faida iliyolipiwa kwa ukingo mpya imeliwa na kibali cha kwanza, wala hakuna ukurasa unaosema imebaki kiasi gani.

Halafu kuna breki. Ukitua karibu na uzito huo mpya, kwa uwiano ule ule na kasi ya kustoli, nguvu ya mwendo ambayo breki zinapaswa kuimeza imeongezeka kwa takriban asilimia 23. Ni kama mwenye Canter anayeongeza majani ya springi ili gari libebe tani zaidi: springi hazilalamiki, anayelalamika ni breki kwenye mteremko.

Makala haya ni kwa wamiliki wa ndege ndogo, marubani wanaozikodi, na wale wanaotaka kununua ndege iliyotumika ambayo tangazo lake linajivunia orodha ndefu ya nyongeza. Sisemi nyongeza ni mbaya. Ninachosema ni kwamba kila moja ilijaribiwa peke yake, na wewe unaruka nazo zote kwa pamoja.

Tuanze na karatasi, maana huko ndiko watu wengi hujiona wako salama. Badiliko kubwa kwenye ndege iliyobuniwa Marekani hupitia cheti cha nyongeza ambacho mafundi kila mahali hukiita STC. Aliyebuni nyongeza anaionyesha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwamba ndege ya aina fulani ikifungwa kitu hicho bado inatimiza kanuni. Karibu kila STC ina sentensi moja kwenye sehemu ya masharti ambayo wanunuzi huiruka: mfungaji ndiye anayepaswa kuamua kama badiliko hili linapatana na mabadiliko mengine yaliyokwisha kuidhinishwa kwenye ndege hiyo. FAA ina hata waraka mzima wa ushauri kuhusu jambo hilo peke yake, AC 20-188. Kwa hiyo mamlaka haikusema ukingo mpya unakwenda na injini kubwa. Ilisema kila kimoja kinakwenda na ndege mama, na swali la pili likaachwa mezani kwa fundi wako.

Fundi naye ana nini cha kuamulia? Vitabu viwili vilivyoandikwa na kampuni mbili ambazo huenda hazijawahi kuwasiliana. Hana handaki la upepo, hana rubani wa majaribio, na ana mteja anayempigia simu kila asubuhi. Kwenye hanga za Uwanja wa Wilson, Nairobi, au Arusha, mazungumzo haya hayana mwaka:

"Injinia, si ndege ina karatasi zote?"

"Zote zipo, bosi. Ninayoitafuta ni ile inayosema zinakaa pamoja."

Bosi hapendi jibu hilo, lakini ndilo jibu la fundi anayejua kazi yake. Wa kumwogopa ni yule anayesaini siku hiyo hiyo.

Kwetu kuna ngazi ya ziada. Kwa utaratibu wa kimataifa wa Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago, nchi ilikosajiliwa ndege ndiyo yenye dhamana ya kusema inastahili kuruka. Ndege yenye herufi 5Y iko chini ya KCAA ya Kenya, ya 5H chini ya TCAA ya Tanzania, ya 5X chini ya mamlaka ya Uganda. STC ya Marekani ni ushahidi mzito, lakini peke yake haikupi ruhusa ya kufunga kitu kwenye ndege ya 5H. Ulizia kwa maandishi kabla ya kuagiza mzigo, si baada ya kasha kukwama bandarini. Na ukiona seti iliyotumika inauzwa rahisi mtandaoni, iliyong'olewa kwenye ndege ya mtu mwingine, kumbuka kwamba haki ya kutumia STC ni ya aliyeibuni. Kanuni ya Marekani, 91.403(d), inamtaka mwenye ndege awe na ruhusa ya maandishi ya mwenye cheti. Bila barua hiyo umenunua bati na rivet.

Sasa twende kwenye bawa, kwa sababu ndiko nyongeza nyingi hukutana.

Bawa la Cessna limepindwa kidogo kwa makusudi, ili ndege ikistoli, sehemu iliyo karibu na mwili ianze kuacha kubeba na ncha ziendelee. Eleroni ziko huko nje, kwa hiyo rubani bado ana cha kushikia. Ukingo mpya wa mbele unabadilisha mpangilio huo. Vile vibati vidogo vinavyopangwa mstari juu ya bawa, ambavyo mafundi huviita VG, vinaubadilisha tena kwa kuishikilia hewa mahali ambapo ingebanduka. Ukiongeza mfumo unaoshusha eleroni pamoja na flapu, eleroni zinaanza kazi zikiwa tayari zimeinama, na ukiinamisha ndege upande, ile iliyoshuka zaidi inavuta bawa lake nyuma kuliko zamani. Ukirefusha ncha za mabawa, ndege inakuwa nzito kugeuka kwenye mhimili wake, na mzigo unaopinda bawa kwenye nguzo yake unaongezeka. Kila mbunifu alihakikisha usukani wa mkia unatosha kushinda mvuto wa kwake. Hakuna aliyejumlisha mivuto yote minne.

Wauzaji hupenda kujumlisha upande mmoja tu. Hiki kinapunguza kasi ya kustoli kwa noti 5, kile kwa noti 4, basi umepata noti 9. Hesabu haiendi hivyo. Vitu viwili vinavyofanya kazi ile ile, ya kuizuia hewa isibanduke, haviwezi kuizuia mara mbili. Cha pili kinapata mabaki. Madhara ndiyo yanayoweza kujumlishana kikamilifu: ukinzani wa hewa, uzito, na tabia ya ndege siku inapofika ukingoni. Bawa lililoshikilia kwa muda mrefu kupita lilivyozoea linaweza kuachia kwa ghafla zaidi, pua ikiwa juu, kasi ikiwa ndogo mno kwa mkia kusaidia. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, futi mia tano juu ya miti, hakuna nafasi ya kujifunza tabia mpya ya ndege yako.

Angalia pia honi ya tahadhari. Kwenye Cessna 172 ni tundu dogo kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Hewa ikianza kunyonywa pale, honi inalia kabla ya kustoli. Ukiufunika ukingo huo kwa ukingo mpya, tundu linahamishwa, na aliyelihamisha alipima mahali papya kwa bawa lenye ukingo wake peke yake. Miaka miwili baadaye zinakuja VG na bawa linastoli mahali pengine. Honi sasa huenda inalia mapema mno, njia nzima ya kutua. Rubani anaizoea. Rubani aliyezoea honi ni sawa na rubani asiye na honi, ila huyu wa kwanza anadhani anayo. Muulize mwenye ndege swali hili dogo kabla ya kuikodi: honi yako inalia kwa kasi gani, na unastoli kwa kasi gani? Kama hajui namba hizo mbili kwa ndege ilivyo leo, bado hajaifahamu ndege yake.

Injini na propela ndilo eneo ninaloona linadharauliwa kuliko yote, pengine kwa sababu hatari yake haionekani kwa macho. Propela ya chuma inatetemeka. Kila mpigo wa silinda unaikunja kidogo, na kuna mizunguko fulani kwa dakika ambapo mtetemo wa injini na ule wa propela hulingana na kuongezeana nguvu. Ndiyo maana baadhi ya mchanganyiko wa injini na propela una eneo lililochorwa kwa rangi nyekundu kwenye kipima mizunguko, na rubani hatakiwi kukaa humo. Eneo hilo lilipatikana kwa kupima injini ile, propela ile, pistoni zile, na moto wa plagi unaowaka kwa wakati ule.

Sasa fikiria mwenye ndege aliyefunga propela mpya kwa STC ya kwanza, na mwaka unaofuata akafunga mfumo wa kielektroniki wa kuwasha plagi kwa STC ya pili, kwa sababu unapunguza mafuta. Mfumo huo unabadilisha wakati wa kuwasha kulingana na mzigo wa injini. Mpigo wa silinda umekuwa mkali zaidi. Eneo jekundu linaweza kuwa limehama au limepanuka, nalo halikuchorwa upya. Ongeza pistoni zenye mgandamizo mkubwa ambazo fundi wa injini aliziweka kwenye ukarabati mkuu, nayo ni STC ya tatu. Chuma kinachokunjwa maelfu ya mara kwa dakika hakitoi taarifa. Kinapasuka, na kipande cha propela kikiruka, mtikisiko wa injini isiyo na mizania unaweza kuing'oa kwenye vishikizo vyake. Swali la kumwandikia mtengenezaji wa propela ni moja tu: je, propela ya namba hii imeidhinishwa kwa injini ya namba hii, ikiwa na mfumo huu wa kuwasha na pistoni hizi? Wana watu wa kulijibu. Na kabla ya kuliuliza, hakikisha kipima mizunguko chako kinasema kweli, maana vile vya zamani vya waya vinaweza kukosea kiasi cha kukuweka ndani ya eneo jekundu wakati macho yanakuonyesha uko nje.

Uzito. Hapa nitakaa, kwa sababu ndege zetu hubeba.

Cessna 206 ndiyo punda wa Afrika Mashariki: wamisionari, madaktari, watalii wa Mara na Serengeti, mirungi, betri za minara ya simu. Uzito wake wa juu ni pauni 3,600, kilo 1,633. Matangi yakijaa inabeba takriban lita 333 za kutumika, ambazo ni kilo 240. Tuseme karatasi ya mizania inasema ndege tupu ina kilo 950. Unabakiwa na kilo 443 za rubani, abiria na mizigo. Karatasi hiyo lakini haikutokana na mizani. Ilitokana na kuongeza na kutoa kwa kalamu tangu ndege ilipopimwa mara ya mwisho: podi ya mizigo chini ya tumbo, matairi makubwa, propela ya panga tatu, redio mpya, nyaya za redio ya zamani ambazo hakuna aliyezitoa. Ipandishe kwenye mizani leo na iseme kilo 985. Zile kilo 35 hazikuibwa na mtu, ziko ndani ya bati. Ukiruka kwa karatasi ya zamani ukiwa umejaa, umepita kikomo kabla hujawasha injini, na huenda kitovu cha uzito kimehama pia, kwa sababu propela nzito iko mbele kabisa na podi ina mipaka yake.

Kibali cha kuongeza uzito nacho kina mtego wake. Chukua Cessna 182 za miaka ya karibuni: kuruka ni pauni 3,100, lakini kutua ni pauni 2,950. Tofauti ni pauni 150, sawa na karibu lita 95 za mafuta. Ukiruka umejaa na mlango ukafunguka baada ya dakika mbili, ndege yako haijashuka kwenye uzito wa kutua, na kwa matumizi ya kawaida ya injini hiyo ungehitaji karibu saa mbili kuufikia. Utatua tu, naam, kisha utaomba ukaguzi wa kutua kwa uzito uliozidi. STC kadhaa za kuongeza uzito zimejengwa kwa mtindo huo, zinapandisha uzito wa kuruka na kuuacha wa kutua. Ongeza sasa matangi ya ncha za mabawa, ambayo baadhi yake yanaruhusu uzito mkubwa kwa sharti kwamba yawe na mafuta, kwa sababu mafuta ya ncha hulipunguzia bawa mzigo unaolipinda. Vitabu viwili, kimoja kinakutaka uchome mafuta, kingine kinakutaka uyabakize. Keti na penseli uone kama kuna safari inayotimiza vyote viwili.

Na haya yote ni kabla ya kufikiria mahali tulipo. Uwanja wa Wilson uko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzijoto 26, hewa ya pale ni nyembamba kama ya futi zaidi ya 8,000. Fungua kijitabu cha nyongeza kinachoambatana na kitabu cha ndege, sehemu ya utendaji, na mara nyingi utasoma kwamba hakuna badiliko. Maana yake ni kwamba mbunifu aliionyesha mamlaka kuwa ndege si mbaya kuliko ya kiwandani. Vijitabu vinne vyenye sentensi hiyo havifanyi ndege yenye podi, matairi makubwa, antena mpya na ngazi za kupandia ipande kama ya kiwandani. Ipime mwenyewe: asubuhi yenye baridi, uzito unaojulikana, rubani mzoefu, andika dakika za kupanda kutoka futi 7,000 hadi 9,000, na ulinganishe na jedwali. Ikiwa chini ya jedwali, jedwali lako jipya ni hilo ulilopima.

Kwenye 206 zenye mlango mpana wa mizigo nyuma, kuna jambo ambalo kila abiria angetaka kulijua: flapu zikishuka digrii 10 au zaidi zinaziba sehemu ya mbele ya mlango huo. Nyongeza inayomzoesha rubani kutua kwa flapu zote, pamoja na viti vya ziada vilivyofungwa nyuma kwa kibali kingine, zinawaweka watu wengi zaidi nyuma ya mlango usiofunguka vizuri. Kwa karatasi, flapu na viti havihusiani kabisa.

Umeme nitaupitia haraka. Miongozo ya FAA inashauri mzigo wa kudumu usizidi asilimia 80 ya uwezo wa alteneta, kwa hiyo alteneta ya ampea 60 ina ampea 48 za kutumia. Kila skrini mpya huja na hesabu yake, na ni mara chache mtu kuzijumlisha zote zikiwa zimewashwa usiku, mvua, hita ya bomba la kasi ikiwaka. Taa za LED zinaweza kuchafua redio. Dira inahitaji kusahihishwa upya. Kama umetoa pampu ya kunyonya hewa kwa sababu vyombo vipya ni vya umeme, umeondoa chanzo cha pili cha uhai wa vyombo, na betri ya akiba sasa ni kifaa cha lazima. Otopailoti zilipimwa kwa ndege yenye eleroni za kawaida. Soma orodha ya mabadiliko ambayo mtengenezaji anayakubali, na kama lako halimo, muulize.

Kisa ambacho kila anayependa kubadilisha ndege angepaswa kukijua kilitokea Reno, Nevada, tarehe 16 Septemba 2011. Ndege ya mashindano ya aina ya P-51D iliyoitwa The Galloping Ghost iliinua pua ghafla kwenye mbio, ikaanguka mbele ya watazamaji. Rubani na watu 10 waliokuwa chini walikufa. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilikuta nati za skrubu zilizotumika tena na tena, vishikio vyake vya ndani vimechakaa, zikakilegeza kibapa cha trimu kwenye mkia hadi kikaanza kupepea. Ilitaja pia kwamba ndege ilikuwa na mabadiliko makubwa yasiyoandikwa wala kujaribiwa. Ile haikuwa ndege ya abiria wala haikuwa na masharti ya ndege ya shule, na ilikwenda kwa kasi ambayo Cessna haitaiona kamwe. Naileta hapa kwa ajili ya nati. Mabadiliko makubwa yaliifikisha ndege mahali ambapo kitu kidogo, cha bei ya soda, hakikuwa na akiba tena. Kwenye ndege yako, kitu kidogo cha namna hiyo ni mizania ya vibapa na eleroni baada ya kupakwa rangi. Bonanza zenye mkia wa V zinadai mkia upimwe upya baada ya rangi mpya, bila mjadala. Mmiliki aliyeongeza injini ili aende kasi zaidi na akapaka rangi mwaka huo huo amegusa pande zote mbili za tatizo moja.

Basi ufanye nini?

Kama ndege haijanunuliwa bado, anza na uchunguzi wa ukoo wake. Ndege iliyowahi kuwa na herufi N ya Marekani ina faili kwenye sajili ya FAA huko Oklahoma City, na yeyote anaweza kuomba nakala. Humo mna fomu 337, zile zinazorekodi marekebisho makubwa. Tandaza nakala hizo kando ya daftari za ndege, kisha zunguka ndege yenyewe na fundi ambaye hajaajiriwa na muuzaji. Mnatafuta vitu viwili: kilichopo kwenye ndege bila karatasi, na kilichopo kwenye karatasi bila kuwa kwenye ndege. Cha pili watu hukisahau. VG zilizoondolewa bila kurudisha alama za zamani kwenye kipima kasi ni uongo uliobandikwa mbele ya rubani.

Kisha panga vijitabu vyote vya nyongeza mezani na uvisome sehemu ya mipaka tu, kimoja baada ya kingine, ukiandika kila mahali viwili vinapogongana: uzito, flapu, kasi, mizunguko, rangi za vipimo. Ndege yenye nyongeza tano ina jozi kumi za kuangalia. Nyingi zitapita bila shida, redio haina ugomvi na matairi. Zitakazobaki, waandikie wenye STC zote mbili, ukitaja namba za vyeti. Wengine wana orodha tayari ya walichokijaribu. Wengine watakujibu kwa kukwepa, na jibu la kukwepa lihesabu kuwa hapana. Pakihitajika hesabu za kihandisi, Marekani kuna wahandisi walioidhinishwa na FAA kufanya kazi hiyo kwa malipo. Ghali, ndiyo. Linganisha na bei ya seti uliyotaka kufunga.

Usifunge nyongeza mbili kwenye ziara moja ya hangani, hata kama fundi anakupunguzia bei. Ndege ikianza kutetemeka baadaye, hutajua umuulize nani. Funga moja, ruka nayo bila abiria, fika kwenye kustoli ukiwa na urefu wa kutosha chini yako na rubani mwenye ujuzi wa kazi hiyo, andika ulichokiona, halafu ndipo ufikirie ya pili. Wakati majibu hayajaja, ruka kwa namba kali kuliko zote zilizoko mezani: uzito mdogo, kasi kubwa, flapu chache. Hiyo ni tahadhari ya rubani tu. Haifanyi mabadiliko yasiyopatana yawe halali, na kampuni ya bima itakayokagua mabaki inaijua tofauti hiyo vizuri kuliko wewe. Ndege isiyolingana na muundo wake ulioidhinishwa haina cheti halali cha kustahili kuruka, hata kama karatasi imening'inia mlangoni.

Ukinitaka rai yangu, kama unahitaji ndege ya viwanja vifupi, tafuta iliyobadilishwa kwa pamoja na mtu mmoja. Peterson wa Kansas, kwa mfano, aliichukua Cessna 182, akaiwekea injini ya farasi 260 na mabawa madogo puani, ikapita kwenye majaribio kama kitu kimoja. Huhitaji kuipenda ndege hiyo ili uone thamani ya mpango huo. Vinginevyo chagua nyongeza moja inayokutatulia shida kubwa zaidi, ukaishie hapo.

Na ukiamua kuondoa kitu, kuondoa nako ni badiliko. Matundu ya rivet yanazibwa kwa utaratibu wa fundi wa bati, kipima kasi kinarudishiwa rangi zake, kizuizi cha flapu kinatolewa au kinaachwa kulingana na uzito unaoubakiza, vibandiko vya tahadhari vinabadilishwa, na ndege inapanda mizani tena. Yote yanaingia kwenye daftari siku hiyo hiyo, kwa sahihi ya fundi na namba ya leseni yake, pamoja na namba ya STC iliyoondolewa.